Kiwiko Nisichokisemea

Nilianza kunyanyua vyuma nikiwa na miaka arobaini na miwili, na kilichonipeleka huko ni mgongo. Kazi yangu ilikuwa kupakia mizigo ya abiria kwenye ndege, kule uwanjani kaskazini mwa Stockholm, na daktari aliniambia ama nijifunze kuinua vitu kama mtu mwenye akili, ama nitafute kazi nyingine. Mke wangu alidhani ningeenda mara mbili tatu kisha nirudi kwenye kochi langu. Mimi nami nilidhani hivyohivyo. Lakini klabu ya karibu na kwetu, hapo Upplands Väsby, ilikuwa chini ya jengo la shule, chumba kisicho na dirisha, na waliokuwa humo hawakuwa vijana wa kujitazama misuli kwenye kioo. Walikuwa wazee. Mmoja fundi bomba mstaafu, mwingine mwalimu wa hesabu mwenye goti la bandia, na wote walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya maveterani, ambayo mtu huanza kushiriki akifika miaka thelathini na mitano na hakuna anayemwambia aache lini. Niliwahi kuona babu wa miaka themanini na kitu akipandisha chuma juu ya kichwa chake, akatabasamu, akakishusha, akaenda kunywa kahawa. Basi nikanasa.

Mimi ni mtu wa kuvimba kichwa haraka, nalisema hili mapema ili usije ukashangaa mbele. Mwaka wa tatu kocha wetu alilalamika kwamba marefa hawatoshi, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Nikasoma kitabu cha sheria kwa Kiswidi, ukurasa kwa ukurasa, na kamusi pembeni, nikafanya mtihani, nikafaulu. Wakanipa beji ya kubandika kwenye koti la buluu. Loo, lile koti! Nililipiga pasi hata wiki zisizo na mashindano. Kwenye uwanja wa ndege nilikuwa mtu wa kubeba masanduku ya wenzangu, lakini nikilivaa lile koti na tai, Waswidi wenye mabega mapana walikuwa wakinisubiri mimi nibonyeze kitufe.

Mzee wa hadithi hii nilimleta mimi mwenyewe klabuni, kwa hiyo hata mwanzo wa jambo hili ni wangu. Tulikutana kanisani Skärholmen, pale ambapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wakenya wachache hukaa baada ya ibada wakinywa chai na kubishana Kiswahili cha nani ndicho Kiswahili. Mimi mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, kwa hiyo ubishi huo mara nyingi nauanzisha mimi. Yeye alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu, miaka sitini hivi, mfupi, mpana wa mabega, akifanya usafi kwenye maofisi ya kompyuta kule Kista. Siku hiyo nilikuwa najisifia vyuma vyangu, kama kawaida. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa arraché navuta kilo ngapi. Hilo ni neno la Kifaransa la ule unyanyuaji ambao chuma hutoka chini mpaka juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na mtu hawezi kulijua kwa kubahatisha.

Kumbe ujanani alikuwa mnyanyuaji. Huko Uvira walikuwa na kikundi nyuma ya gereji moja, na chuma chao kilikuwa ekseli ya lori, na uzito wake ulikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Walinyanyua Jumapili watu wakiwazunguka na kupiga makofi. Kisha alianguka kutoka juu ya lori la kahawa, kiwiko cha kushoto kikavunjika, kikaungwa na mganga wa mifupa wa pale mtaani, na kikaungika kikiwa kimepinda. Tangu hapo mkono ule ulikuwa unanyooka mpaka mahali fulani, basi, hauendi zaidi. Aliendelea kunyanyua hivyohivyo. Aliniambia kwamba kule hakuna aliyekuwa akitazama viwiko, watu walitazama kama chuma kiko juu au kiko chini.

Huku kwetu, viwiko vinatazamwa. Sheria inasema chuma kikifika juu mikono iwe imenyooka kabisa, na kiwiko kikibaki kimepinda refa anabonyeza kitufe chekundu na jaribio limekufa. Lakini sheria hiyohiyo ina huruma yake. Mtu ambaye mkono wake haunyooki kwa sababu ya kuumia au kuzaliwa nao, anawaonyesha marefa kabla ya kuanza, wao wanajua, na hawamhukumu kwa hilo. Ni maneno ya dakika moja. Nusu dakika, kama Kiswidi chako kinatosha.

Kiswidi cha mzee hakikutosha. Alifika nchi hii akiwa karibu na hamsini, na alichokuwa nacho kilikuwa Kiswidi cha salamu na cha ndoo. Mkewe hakufika huku. Mzee alikuwa na binti mmoja tu, aliyekuja naye akiwa na miaka saba, na toka akiwa na miaka tisa ndiye aliyekuwa mdomo wa baba yake. Kwa daktari yeye, benki yeye, barua za ofisi yeye. Hata kwenye kikao cha wazazi shuleni alitafsiri mwenyewe malalamiko ya mwalimu kumhusu yeye mwenyewe, na mzee aliapa kwamba hakupunguza hata neno. Baba akiongea naye Kiswahili, yeye anajibu Kiswidi, anaelewa kila kitu, na sauti yake ina uchovu wa mtu aliyeanza kazi mapema mno. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, anasomea uuguzi.

Miaka miwili mzee alifanya mazoezi nasi. Alikuwa akimaliza usafi Kista, anapanda treni kuja Väsby, anavua koti, anafunga mkanda, na ndani ya robo saa uso wake unakuwa uso mwingine kabisa. Kocha, Mswidi wa maneno machache kuliko wote niliowahi kukutana nao, alisema mzee huyu anavuta vizuri kuliko sisi wote, na mimi nilitabasamu na kuumia kidogo. Wakamwandikisha kwenye mashindano ya maveterani ya mkoa, kundi la miaka sitini na kuendelea. Kilo hamsini alikuwa anazipandisha mazoezini bila kelele.

Siku moja tukiwa tunavaa viatu, aliniambia anataka binti yake aje kumtazama. Hajawahi kuja. Nikamwambia vizuri, na atakusaidia kuwaeleza marefa habari ya mkono. Mzee akatikisa kichwa.

"Hapana, mdogo wangu. Siku ile mtoto akae kwenye kiti anitazame tu. Asinisemee. Utanisemea wewe."

Nikamwambia hilo aliache kwangu, mimi refa bwana, nitaongea nao wenyewe kwa wenyewe. Nakumbuka hata nilivyojigonga kifua. Kocha naye, ambaye wikiendi ile alikuwa na harusi ya mwanawe, alinishika bega Alhamisi jioni akasema nisisahau kuwaambia habari ya mkono wa mzee. Nikamjibu nitasahauje.

Na sikusahau. Watu husema walisahau, na mimi ningependa sana kusema nilisahau. Niliamka Jumapili ile nikiwa nalo kichwani, nikapiga nalo mswaki, nikapanda nalo treni. Wenzetu wa klabu walikuwa wamenyanyua Jumamosi, kwa hiyo siku hiyo tulikuwa mzee na mimi tu, yeye kwenye nguo yake ya kubana, mimi kwenye koti langu la buluu. Ukumbi ulikuwa wa michezo ya shule, kusini mwa mji, unanuka sakafu iliyopigwa dawa na mikate ya mdalasini. Nikawahi, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya marefa.

Refa mkuu alikuwa mtu mwema. Nataka hilo lieleweke, maana ningeweza kumgeuza kuwa Mswidi mbaya na hadithi ikaniendea vizuri. Alinimiminia kahawa, akaangalia orodha, akaniuliza huyu wa klabu yangu ni rafiki yangu, maana kama ni rafiki wa karibu anaweza kuweka refa mwingine kwenye kundi lile, nisijisikie vibaya. Aliuliza kwa nia njema tu. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba wanatuona sisi wawili ni kitu kimoja, kwamba refa kaja na mtu wake, kwamba koti wameniazima tu na sasa wanataka nilirudishe. Damu ikanipanda. Hasira zangu huwa ziko karibu, na mara nyingi huwaka kwa asiyehusika.

Nikasema hapana, simfahamu sana, tunaonana mazoezini tu.

Basi. Maneno mepesi hivyo. Nikamaliza kahawa yangu nikiwa nimejaa heshima. Na hapo ndipo nilipojifunga, kwa sababu mtu asiyemfahamu mwenzake anajuaje kwamba kiwiko chake kilivunjika kwa kuanguka kwenye lori la kahawa? Nikajiambia nitalisema baadaye, wakati wa kupima uzito, nitalisema kama kitu nilichokiona hapohapo. Nilipanga na maneno yake. Uongo mdogo wa kurekebisha uongo mdogo, nikaona nimepata ufumbuzi.

Kupima uzito hufanyika kwenye chumba kilichofungwa, wanaume na wanaume, mtu mmoja mmoja na chupi yake. Tulikuwa wawili mle ndani, mimi na refa wa pembeni mwingine, mtu wa makamo aliyekuwa ameinamia mizani akiandika. Mzee akaingia. Alikuwa amenyoa ndevu, amejipaka mafuta, anang'aa kama anayekwenda kubatizwa. Akapanda kwenye mizani, akashuka, akanigeukia, akanyoosha mkono wa kushoto kidogo mbele yangu na kusema kwa Kiswahili, bon, mdogo wangu, uwaambie sasa.

Yule mwenzangu akainua uso, akauliza anasema nini.

Sekunde ile nimeirudia mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, nalo nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mzee alikuwa ameniita kwa sauti ya undugu, ameninyooshea mkono, anacheka nami kama mtu wa nyumbani, na mimi nusu saa kabla nilikuwa nimesema simfahamu. Nikaona aibu. Nikamwambia yule Mswidi kwamba anauliza kama mizani iko sawa. Mswidi akacheka, akasema iko sawa, imepimwa, akarudi kuandika. Kisha nikamgeukia mzee, nikiwa natabasamu bado, nikasema:

"Nimeshawaambia, mzee. Usijali."

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ule ulionyooka na ule usionyooka, akatoka kwenda kuvaa.

Binti alikuja. Nilimwona kutoka kwenye kiti changu, mstari wa pili, koti la rangi ya haradali, simu mapajani, na kwa mara ya kwanza simu ile haikuwa mkononi. Mzee alipotangazwa, na mtangazaji akajitahidi na jina lake mpaka likakaribia kuwa jina lake, yule binti alikaa wima. Mzee akaja jukwaani na unga wa chaki hadi mapajani. Kilo arobaini na tano, uzito wa kuanzia, kwake mchezo. Akainama, akavuta, chuma kikaruka, akawa chini yake, akasimama nacho. Vizuri jamani. Vizuri mno. Na kiwiko cha kushoto kimepinda kidogo, kama siku zote.

Tulikuwa marefa watatu, mmoja mbele, wawili pembeni, kila mmoja na kisanduku chenye kitufe cheupe na chekundu. Nikabonyeza chekundu. Sikufikiri. Nilijua wenzangu watabonyeza chekundu, wana haki, hawajui, na nyeupe yangu ingesimama peke yake pale ubaoni mbele ya watu wote, na refa mkuu angeniuliza niliona nini wasichokiona wao. Taa tatu nyekundu zikawaka. Mzee akazitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa akijilaumu yeye. Alidhani amekosea miguu.

Bado ningeweza. Hilo ndilo linalonila. Katikati ya jaribio la kwanza na la pili zilipita kama dakika nane, wengine wakinyanyua, na meza ya refa mkuu ilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Ningesimama na kusema, samahani, nimekumbuka jambo. Ningeonekana mjinga kwa robo saa. Badala yake nikanyoosha tai yangu. Akaja tena, arobaini na tano ileile, akaipandisha safi zaidi ya mwanzo, na taa tatu nyekundu tena.

Jaribio la tatu ndilo la mwisho. Ukishindwa matatu yote huna jumla ya kilo, na asiye na jumla huandikwa chini kabisa ya karatasi ya matokeo na kistari badala ya namba. Binti alikuwa amesimama sasa. Mzee alikaa muda mrefu ameinama juu ya chuma, nikaona midomo yake ikitembea, akavuta. Kikapanda. Akasimama nacho, miguu imekaa sawa, hajatikisika hata kidogo, na mkono wa kushoto ameusukuma kwa nguvu zote alizonazo, mpaka mishipa ya shingo imemtoka, kana kwamba safari hii mfupa utakubali kunyooka.

Kengele ya kushusha hulia marefa wawili wakikubaliana, nayo haikulia. Yaani wenzangu walikuwa wamegawanyika. Mmoja amempa nyeupe. Kisanduku changu kikaanza kulia mlio mdogo wa kunihimiza mimi, maana sasa kila kitu kilikuwa kwangu, na mzee yuko pale mbele na kilo arobaini na tano juu ya kichwa, ananitazama usoni, anasubiri. Kidole gumba kilikuwa kwenye nyeupe. Naapa kilikuwa pale. Halafu nikawaza kwamba mkono huu nimeuhukumu mara mbili, na leo nikiubariki mara ya tatu watasema nini, kumbe alikuwa mtu wake.

Nikabonyeza chekundu.

Alishusha chuma taratibu, hakukitupa. Akawainamia marefa, mbele, kulia, kushoto, kama wanavyofanya wanyanyuaji wa zamani, na alipofika upande wangu aliinama kama kwa wengine. Kisha akatoka.

Binti hakumfuata. Alishuka moja kwa moja mpaka kwenye meza ya refa mkuu, na mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nikikusanya karatasi. Aliuliza kwa Kiswidi kilichonyooka kwa nini wamemkatalia baba yake, ilhali walishaelezwa habari ya mkono wake. Refa mkuu akashangaa. Akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba hakuna mtu aliyewaeleza chochote, na kwamba wangeelezwa kabla ya kuanza, majaribio yote matatu yangekubaliwa. Akanigeukia hata mimi, akaniuliza kama nimesikia lolote.

Nikasema hapana.

Yule binti alinitazama. Alijua. Baba yake bila shaka alikuwa amemwambia asubuhi ile, kaa utulie mwanangu, yule ndugu yetu anawaambia. Nilisubiri apige kelele, na Mungu anisamehe, nilitamani apige. Akashukuru, kwa adabu kama wanavyofundishwa huku, akaenda kumtafuta baba yake, na niliwaona kupitia mlango wa kioo, yeye amembebea begi na mkono wake umepita kwenye mkono wa mzee, ule uliopinda.

Kocha alipiga simu kesho yake. Nikamwambia niliwaeleza, hawakukubali. Akafura, akataka kuandika malalamiko rasmi, na nililazimika kutumia nusu saa kumshawishi kwamba mzee mwenyewe hataki makuu, kwamba jambo limekwisha. Mzee hakurudi klabuni. Alisema ameshajaribu, inatosha. Mimi nilisingizia zamu za kazini, nikaacha urefa mwaka uleule, na lile koti nikampa mke wangu alipeleke kwenye nguo za msaada. Aliniuliza kulikoni, nikamjibu kwa ukali usiomstahili. Nyumbani nilikuwa mtu mbaya kipindi kile, mwepesi wa kufoka kwa chumvi iliyozidi au mlango uliobamizwa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kilichonimaliza hasa ni sifa. Kila nilipofika Skärholmen nilikuta watu wakinipa mkono. Mzee alikuwa amewasimulia. Kwamba alinyanyua mara tatu, Waswidi wakamkatalia mara tatu, lakini yule mdogo wetu wa Buyenzi alimsemea, alisimama mbele yao na koti lake na kumsemea kama kaka. Nikajaribu kukwepa. Nikaanza kusali kanisa jingine, nikamwambia mke wangu kule mahubiri ni mafupi. Mzee akanipigia simu kuniuliza kama naumwa.

Ilipita miaka miwili namna hiyo, na Jumamosi moja mchana nikapiga moyo konde. Nikaamua nitakwenda kwake, nitapiga magoti ikibidi, nitamwambia yote, mizani, kahawa, kitufe, yote. Kwenye treni nilijisikia mwepesi, nikaanza hata kuona jinsi atakavyonisamehe, maana ni mtu wa kusamehe. Nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Aliyefungua mlango ni binti.

Ndani kulikuwa na wageni, nilisikia vicheko na vijiko. Akanitazama, akatoka nje kidogo, akaurudishia mlango nyuma yake. Nikamwambia nimekuja kumweleza baba yake ukweli. Akanijibu kwa Kiswidi, chini chini, ili mle ndani wasifuate.

"Ukimwambia, wewe utapata nafuu. Yeye atapata nini?"

Akasema kwamba toka siku ile baba yake hana kitu kingine alichorudi nacho. Hana namba, hana karatasi, hata yeye mwenyewe aliyekwenda kumtazama aliona taa nyekundu tu. Alichorudi nacho ni kwamba kuna mtu alimsemea. Anakisimulia kwa kila mgeni. Akasema yeye amekaa na siri hii miaka miwili hajamwambia baba yake, na haijamwua, kwa hiyo haitaniua mimi pia. Hakusema kwa chuki. Alisema kwa sauti ile ya uchovu ninayoijua, sauti ya mtu anayetafsiri barua ya ofisi. Kisha akafungua mlango, akatangaza kwa Kiswahili kwamba kuna mgeni.

Mzee aliinuka kwa furaha hadi chai ikamwagika. Akanivuta, akanikalisha karibu yake, akawaambia wageni huyu ndiye yule. Wawili walikuwa wapya, mtu na mkewe, wametoka Bukavu hawajamaliza mwezi, wakanitazama kwa heshima. Akaanza kuwasimulia. Hadithi ilikuwa imeongezwa chumvi tangu niliposikia mara ya mwisho. Sasa nilikuwa nimegonga meza, nilikuwa nimewaambia marefa kwamba huyu ni kaka yangu na mkono wake naujua kuliko wao. Mle ndani ya maneno yake nilikuwa mtu mzuri sana. Binti alikuwa amesimama na birika, ananitazama.

Mzee akaniwekea mkono begani, akawageukia wale wageni, kisha mimi.

"Uongo, mdogo wangu? Si uliwaambia?"

"Niliwaambia, mzee," nikasema, na binti yake akanimiminia chai.